Mjane wa Bukini Alipofika Rangwe

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha mchana, nami nimefungua daftari jipya kama nifanyavyo kila mwaka. Masika ya Rangwe hunifungia ndani, na mwalimu wa Kiswahili akifungiwa ndani lazima aandike au agombane na mtu. Wa kugombana naye sina. Binti yetu Lynnet yuko chuoni Kisumu. Mume wangu Walter yupo, lakini Walter hagombani.

Mvua ilipoanza kupiga mabati alisimama, akatoka, akaenda kukaa jikoni, kwenye paa la nyasi. Ndivyo afanyavyo tangu aliporudi kutoka Somalia na kipande cha chuma pajani, jeshi likamwambia apumzike. Mabati yakilia hawezi kukaa chini yake. Nilimpelekea chai, tukainywa kimya. Kabla ya Somalia mtu huyu aliweza kuchekesha matanga. Sasa husema "asante" na "lala salama", na katikati hapana kitu. Simsumbui. Darasani nimezoea kuuliza swali na kungoja jibu.

Alhamisi, 6 Machi

Insha za kidato cha tatu. Nusu ya darasa wameandika kwamba mvua ilinyesha "kama bomba lililopasuka". Nimewauliza ni nani kati yao aliyewahi kuona bomba lenye maji hapa Rangwe.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu mkuu ameniita ofisini. Wanafunzi wanatoroka masomo ya Jumamosi na kwenda kwa Maroa, yule mwenye ukumbi wa vidio nyuma ya kinu cha posho. Mama Marion, mwenyekiti wa akina mama kanisani, amekwenda kwa naibu wa chifu na kudai ukumbi ufungwe, maana filamu za huko zinafundisha vijana kulipiza kisasi. Naibu wa chifu, Mzee Gordon, hataki kufunga biashara ya mtu kwa kusikia tu. Ametaka shule itoe mtu wa kwenda kutazama na kumweleza. Mwalimu wa nidhamu ni mimi, kwa hiyo mtu huyo ni mimi.

Nimemwambia mwalimu mkuu kwamba siku moja itanitosha. Filamu za vita nazijua bila kuziona: watu wanapiga kelele, wanaanguka, na anayestahili kufa wa kwanza hufa wa mwisho. Nyumbani kwangu nina vita vya kweli vinavyokunywa chai jikoni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda. Ukumbi ni chumba kirefu cha mabati, giza tupu, mabenchi hayana migongo, na harufu ya unga inapenya kutoka kinuni. Maroa ni Mkuria wa Kehancha, mnene, mpole, ana sauti ya kuweza kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kazi yake ni kuzima sauti ya filamu na kuitafsiri yeye mwenyewe kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili kilichochanganywa na kila kitu. Nilimwambia nimekuja kuona kama ukumbi wake unastahili kufungwa. Akasema hiyo ni haki yangu, akanifutia kiti cha plastiki kwa mkono wa shati lake.

Filamu ni ya nchi fulani ya theluji. Lugha yake siijui, na Maroa vilevile haijui. Ameipa jina Mjane wa Bukini. Vita viko karibu kwisha. Kikosi cha wanajeshi wanaokimbia kinapita kwenye boma la mwanamke wa umri wangu. Wanakula bata bukini wake wote ila mmoja, wanamnyonga mumewe kwa sababu kapteni amependa viatu vyake, wanachoma nyumba, wanaondoka wakiimba. Mwanamke anamzika mume. Anamweka yule bukini aliyebaki juu ya kigari cha kuburuta kwenye theluji, anafunga kitambaa cha kichwa, anaanza kuwafuata. Baada ya hapo kila mwanajeshi anakufa kwa kitu cha nyumbani. Mmoja kwa mpini wa jembe. Mmoja kwa pipa la kabichi. Mmoja anafungiwa katika chumba cha kukaushia nyama kwa moshi, na mlango unapofunguliwa ameiva.

Makosa ni mengi. Mwanamke anapigwa risasi ya bega, na baada ya muda mfupi anapasua kuni kwa mkono uleule. Anaruka kutoka darajani na kitambaa hakisogei, ilhali mimi nikipanda ngazi za ofisi ya elimu changu huenda upande. Tena nimefuga bata. Hakuna bata wa namna yoyote anayeweza kukaa kimya juu ya kigari kutwa nzima akingojea kisasi.

Sikucheka. Nilikaa hadi mwisho kwa sababu ya mvua. Nilipomweleza Maroa hivyo, alichungulia nje kwa adabu. Mvua ilikuwa imekatika kitambo.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani, wakati wa mahubiri, nilimkumbuka yule aliyeiva. Ilibidi nikohoe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudi kwa Maroa ili nipate uhakika. Mtu hawezi kutoa ushahidi kwa kutazama mara moja.

Safari hii nilijua nani atakufa wapi, kwa hiyo nilipata nafasi ya kusikiliza. Maroa amembatiza kapteni jina la Kapteni Viatu. Mjane anaitwa Nyar Lambwe, yaani binti wa Lambwe, na kila anapotokea kwenye theluji akina mama wauza mboga waliokaa nyuma yangu humsalimia. Kuna mahali wanajeshi wamezunguka moto wanang'wafua bukini, nyuso zao za huzuni kama watu wa mkutano wa bodi. Maroa akaingia na sauti ya sajenti mzee: "Vijana, kuleni polepole. Kuku wa jeshi hufa mara mbili, kwanza kwa kisu, halafu kwa mpishi."

Nilicheka mpaka wanafunzi wangu, waliokuwa wamejificha kwenye benchi la mwisho, wakajulikana kwa kugeuka kunitazama. Kisha nikaacha ghafla.

Sentensi hiyo ninaijua. Nilikuwa nimeketi karibu nayo ilipotamkwa mara ya kwanza, kwa wazazi wangu huko Gusii, siku Walter alipokuja kujitambulisha. Alikuwa askari mpya, Mjaluo peke yake katika nyumba iliyojaa ndugu zangu wenye nyuso ngumu. Mama akamwandalia kuku. Walter akamwambia kwa Kiswahili kwamba kuku yule amekufa mara moja tu na anashukuru, kwa maana kuku wa jeshi hufa mara mbili. Baba yangu, Mzee Arasa, alitema uji. Tangu saa hiyo hakuna aliyeuliza tena kwa nini mgeni si Mgusii.

Sijamsikia akisema hivyo tangu arudi. Maroa ameitoa wapi?

Jumatatu, 24 Machi

Baada ya kipindi cha mwisho nilikwenda ukumbini. Maroa alikuwa akifagia. Nilimwuliza moja kwa moja maneno ya kuku ameyapata kwa nani.

Aliegemeza ufagio ukutani kwanza. "Madam, mimi jeshi nimeliona likipita barabarani tu," alisema. "Maneno yote ya askari ni ya Bwana Walter."

Akanieleza. Walter huja asubuhi za katikati ya wiki, ukumbi ukiwa mtupu. Wanawasha filamu bila sauti, wanaketi pamoja, na Walter anamwambia mwanajeshi huyu angesema nini, na yule angemjibu vipi. Maroa hukariri. Filamu ya mjane wameipitia mara nyingi kuliko zote, kwa sababu Walter huiomba.

"Huwa anacheka?" nilimwuliza.

"Hapana. Yeye husema tu. Mimi ndiye hucheka."

Nimetembea hadi nyumbani kwa hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Mimi huambiwa kwamba anakwenda shambani kwetu Lambwe kutazama mahindi. Miaka yote hii nimeketi na mtu huyu chini ya nyasi, nikampa chai na ukimya aliouhitaji, kumbe maneno anayo, tena mengi, na anampa mtu wa vidio.

Alhamisi, 27 Machi

Walter amerudi kutoka "Lambwe" na viatu visivyo na tope. Katika mwezi huu. Nilimwekea chakula.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua usiku na mchana. Sijamwambia.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule ilifungwa jana, kwa hiyo sina tena kisingizio cha insha. Asubuhi tulikuwa tukichambua mahindi ya mbegu. Nilimwambia najua anakokwenda.

Hakuruka wala kukana. Aliendelea kutenga punje zilizotobolewa na wadudu. Nilimwuliza kwa nini aweze kuzungumza kule na hapa asiweze.

"Kule kuna picha inatembea," alisema. "Nikisema neno, linakuwa la yule mtu wa kwenye picha. Hapa nikisema, linakuwa langu."

Nilitaka kumjibu kitu cha busara. Nilichosema ni kwamba akienda tena aniambie ukweli, nisiwe napika chakula cha mtu wa shamba. Akaitikia kwa kichwa. Hasira imepungua, haijaisha. Ila jibu lake lilikuwa jibu kamili, na nimelipa alama zake.

Jumamosi, 12 Aprili

Mara ya tatu. Sijidanganyi tena kuhusu ushahidi. Filamu hii ninaipenda.

Bado naona makosa, hata nimeongeza mengine, lakini sasa ninajua pia yaliyo kweli, kwa sababu najua wapi anasema Maroa na wapi anasema Walter. Maroa ni zile kelele na majina. Walter ni wale wanajeshi wawili wanaogombania soksi za mwenzao aliyekufa, kisha wanazikunja vizuri na kumrudishia mfukoni. Ni yule anayeuliza kila mara kama kuna barua, na vita vimeshamaliza nchi yote inayoweza kumwandikia. Nilidhani filamu za namna hii zinacheka kifo. Hii inawacheka watu wazima waliovaa vizuri wakaenda kuua mume wa mtu kwa ajili ya viatu, na mimi sioni ubaya wa kuwacheka hao.

Walter hakuja. Huwa haji kukiwa na watu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua ya mawe ilituvamia katikati ya wimbo, na Walter akatoka kanisani mbele ya watu wote. Baada ya ibada Mama Marion alinishika mkono na kusema kwa huruma ya kweli kwamba kama nyumba moja katika Rangwe inajua madhara ya vita ni yangu, na anategemea nitasema vizuri ukumbi ufungwe. Nilimwambia nitasema nilichokiona. Akanishukuru, kwa kuwa hakujua nimeona nini.

Nilimweleza Mzee Gordon ukweli: filamu ni ya kisasi, ina damu, ina mzaha, na inafaa watu wazima. Alikuna kidevu. Akasema maoni yangu na ya Mama Marion hayakutani popote, kwa hiyo wao wenyewe watakuja kuitazama Jumamosi ya tarehe kumi Mei, na baada ya kuitazama ataamua palepale.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Paa la bweni la wavulana linavuja. Hakuna jipya.

Ijumaa, 9 Mei

Mama yake Maroa amelazwa ghafla, na Maroa ameondoka asubuhi kwenda Kehancha. Kabla ya kuondoka alifika kwetu na ufunguo. Alisimama mlangoni na hakukubali kuketi. Alimwambia Walter kwamba kesho wakubwa watakuja, na wakiukuta ukumbi umefungwa utabaki umefungwa. Hakuna mwingine katika Rangwe anayeijua filamu ile neno kwa neno.

Walter aliutazama ufunguo. Mimi nilinyamaza kwa nguvu zangu zote. Kisha akanyoosha mkono akaupokea.

Jumamosi, 10 Mei

Ninaandika kabla hata sijavua viatu.

Ukumbi ulijaa kabla ya saa nane. Mzee Gordon aliketi mbele na kofia yake ya serikali magotini. Mama Marion alikaa kando yangu na begi la Biblia juu ya mapaja. Wauza mboga walikuwepo, waendesha boda walikuwepo, na wanafunzi wangu wakongwe wa benchi la mwisho walikuwepo, safari hii kwa ruhusa. Nje mawingu yalikuwa meusi lakini hayajaamua.

Walter alisimama pembeni mwa pazia, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kuanguka na kuvunjika. Alianza kwa sauti ya chini. Watu wa nyuma walilalamika hawasikii. Kisha wanajeshi walipoingia bomani kwa mjane, alibadilika. Sauti yake ilinyooka, ikawa ya sajenti, ikawa ya kapteni, ikawa ya kijana anayeuliza barua. Sijamsikia akiwa watu wengi hivyo tangu tulipokuwa vijana. Alipofika kwenye kuku wa jeshi, ukumbi wote ulitikisika, na Mama Marion akajifunika uso kwa leso, mabega yakicheza.

Ndipo ikafika sehemu ya sahani. Nimekwisha kuiona mara tatu, na ndiyo inayochekesha kuliko zote. Mwanajeshi mmoja kijana anawasimulia wenzake kisa huku anakula, mdomo umejaa. Mjane yuko juu ya mti na bunduki ya uwindaji. Mlio unasikika, kijana ananyamaza katikati ya neno, lakini haanguki. Anabaki ameketi na sahani yake, mdomo wazi, na wenzake wanaendelea kucheka, wanangojea amalizie. Maroa hapo husema kwa sauti ya mmoja wao, "Basi malizia hadithi." Watu hufa kwa kicheko.

Walter hakusema kitu.

Picha iliendelea bila sauti. Wanajeshi walicheka kimyakimya pale kwenye pazia. Nilimwona Walter akiwatazama, taa ya filamu ikimwangaza nusu ya uso. Akakiweka kipaza sauti juu ya kiti, taratibu sana, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mvua nayo ikaamua wakati huohuo.

Mwanzoni watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Kisha vijana wakaanza kupiga miluzi. Mzee Gordon akaichukua kofia yake kutoka magotini. Mama Marion akaniambia polepole, "Mfuate."

Nilisimama ili nimfuate. Na nikiwa nimesimama nikajua sitakwenda. Nimekaa na Walter jikoni masika mengi, ninajua akiwa anataka mtu na akiwa anataka nafasi. Nilijua pia kwamba onyesho hili likifia hapa, Maroa atarudi kutoka kwa mama yake mgonjwa akute kufuli, na Walter ataliongeza hilo juu ya yale mengine anayoyabeba, asikanyage tena mahali palipompa sauti. Kwa hiyo nikaenda mbele na kukiokota kipaza sauti.

Sikuwa na Kiswahili cha Maroa. Nilikuwa na changu. "Ndugu watazamaji," nilisema, "marehemu amefariki kabla ya kumaliza sentensi. Sisi tunamsamehe, ingawa sentensi isiyokamilika haikubaliki katika mtihani wa taifa."

Benchi la mwisho lililipuka. Baada ya hapo sikuogopa kitu. Niliwapa wanajeshi Kiswahili sanifu, wakafa kwa upatanisho sahihi wa ngeli. Yule aliyeiva alitangazwa na mimi kama mpishi wa shule anavyotangaza chakula cha mchana. Niliyaacha maneno ya Walter mahali pake yote niliyoyakumbuka, na nisiyoyakumbuka niliyajaza. Mzee Gordon aliirudisha kofia magotini.

Mwisho wa filamu mjane anamfikia Kapteni Viatu katikati ya ziwa lililoganda. Anamwonyesha kwa bunduki avue viatu. Maroa kila mara huweka mzaha hapo. Mimi nilimtazama yule mwanamke usoni, na maneno yaliyonijia hayakuwa ya mzaha. Nilimsemea: "Sikukufuata kwa ajili ya bukini. Bukini huanguliwa wengine. Mume wangu alikuwa mtu wa kunichekesha, na wewe ukaona viatu tu."

Ukumbi ulinyamaza, ikasikika mvua peke yake. Nadhani wengi walijua sisemi tena habari za nchi ya theluji. Kisha kapteni, miguu mitupu, akarudi nyuma hatua moja, bukini akaruka kutoka kwenye kigari na kumng'ata pua, na barafu ikapasuka. "Na kwa kuwa ulikula bila kunawa," nilisema, "sasa oga." Wauza mboga walisimama juu ya mabenchi.

Taa zilipowashwa nilimwona Walter kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa amelowa hadi shingoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, chini ya mabati yaliyokuwa yanapiga kelele kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka huu. Aliniangalia kama mtu anayeniona sokoni kwa mara ya kwanza na anafikiria namna ya kunisalimia.

Mzee Gordon alitoa uamuzi akiwa amevaa kofia. Ukumbi hautafungwa. Wanafunzi hawataingia siku za masomo, na atakayewaingiza atajibu kwake. Mama Marion alisema filamu ni ya dhambi toka mwanzo hadi mwisho, ila mjane alikuwa na haki. Kisha akanivuta kando na kuniuliza kama bukini amepona, kwa sababu pale mwisho yeye Mama Marion alikuwa amefumba macho. Nilimhakikishia.

Jumapili, 11 Mei

Leo mchana, jikoni, baada ya kanisa, Walter amesema. Naandika alivyosema, kwa sababu alisema nikitaka niandike.

Alikuwa na rafiki katika kikosi, Jacktone, kijana wa Magunga. Kambini walikuwa wakila saa ya jua kali. Jacktone alikuwa msimuliaji wa kikosi kizima, na siku hiyo alikuwa katikati ya kisa kirefu, mdomo umejaa. Mlio haukusikika vizuri kwa ajili ya upepo. Jacktone alinyamaza na kubaki ameketi, sahani mkononi.

"Mimi nilicheka," Walter alisema. "Nilidhani anatufanyia mchezo. Nilimpiga bega nikamwambia amalizie. Wote walikuwa wamekwishaelewa, wamelala chini. Mimi bado ninacheka, Mellen. Nilimcheka maiti."

Nilimwuliza kama ndiyo sababu hacheki tangu hapo. Akasema kila kicheko kikija kinamkuta pale, na sahani ile. Na filamu ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwonyesha kwamba kuna mtu mwingine duniani, mahali fulani kwenye theluji, aliyejua jambo hilo linaweza kutokea. Alikuwa akilitazama na Maroa bila sauti na kuweza. Jana, mbele ya watu wanaocheka, hakuweza.

Sikumwambia kwamba hana kosa. Analijua hilo, ameambiwa na madaktari. Nilimwuliza kama Jacktone alikuwa na mama.

"Yuko Magunga. Anaitwa Phelesia. Wakubwa walimwambia mwanawe alikufa kishujaa. Amenipigia simu mara nyingi, na sijawahi kupokea."

"Basi tutakwenda," nilisema. Hakukataa.

Alhamisi, 15 Mei

Maroa amerudi. Mama yake anaendelea vizuri. Amesikia habari zangu hadi Migori, anataka nimsaidie filamu nyingine siku za likizo. Nimemwambia nitafikiria, na tayari nimefikiria.

Jumanne, 20 Mei

Walter amempigia simu Phelesia mwenyewe. Alizungumza amesimama.

Jumamosi, 24 Mei

Tumekwenda Magunga leo. Boma la Phelesia liko kwenye mteremko, na mashamba yake yanashuka kuelekea hifadhi ya wanyama ya Ruma. Ni mwanamke mrefu, amekonda, mikono mikubwa. Alikuwa akibambua karanga kwenye ungo, na alipomwona Walter alimwita "wuoda", mwanangu, kabla ya kumwuliza jina. Alitukalisha, akaendelea na karanga zake, nadhani ili asimtazame na kumtisha.

Walter alimweleza kwa Dholuo. Baada ya miaka yote hii ninaielewa vya kutosha. Hakuficha kitu, hata kicheko. Alipofika hapo alisimama kidogo, nikafikiri atatoka nje, lakini akaendelea hadi mwisho.

Phelesia aliweka ungo chini.

"Alikuwa anakula nini?" aliuliza.

"Wali na maharagwe, mama. Mpishi alikuwa ameyaunguza."

"Hakuwa na maumivu?"

"Hakujua. Sisi wenyewe hatukujua."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, machozi yakimtoka bila sauti, na hakuyafuta. Alisema wale wakubwa walimletea bendera na neno "kishujaa", akawa anajiuliza kila siku huyo shujaa ni nani, kwa maana mwanawe alikuwa mtu wa mdomo tu. Sasa amemtambua. Kufa akiwa amejaza mdomo na bado anasema, huyo ni wake.

Kisha akauliza kilikuwa kisa gani.

Walter akasema kilikuwa kisa cha yeye Phelesia. Usiku mmoja alisikia mnyama katika sukuma wiki zake, akadhani ni ng'ombe wa jirani, akatoka na mwiko wa ugali, akampiga makalioni, kumbe ni nyati wa Ruma. "Alifika pale nyati anapogeuka," Walter alisema. "Hapo ndipo aliponyamaza. Sijajua nyati alifanya nini."

Phelesia akavuta kigoda chake karibu na magoti ya Walter.

"Nyati alinitazama," alisema, "kama mzee anayesalimiwa na mtoto asiye na adabu. Mimi nikamwonyesha mwiko. Yeye akarudia kula. Alimaliza mstari wote, wuoda, hakuacha jani, na mimi nikiwa juu ya mti wa mpera na nguo moja, namtukana jirani kwa jina lake, jina la babake, na la ukoo mzima."

Kilianza kama kikohozi. Nilimshika mkono nikidhani amepaliwa na karanga. Kisha Walter akatupa kichwa nyuma na sauti ikatoka, ile sauti ya nyumbani kwa wazazi wangu, kubwa, isiyo na haya, na machozi yakamtoka pamoja nayo, akajishika mbavu, akaniegemea. Phelesia naye akacheka, akampiga gotini na mkono wake mkubwa.

"Ngoja kwanza," akamwambia, "bado sijafika kwa jirani."